Land Rover Series III ya petroli: je, niweke injini ya lori la Isuzu au ya matatu ya Nissan?

Mkulima wa Mau (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Nina pikapu ya Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, iliyoundwa mwaka 1978. Kazi yake ni kushusha viazi na maziwa kutoka shambani upande wa Mau Narok hadi Nakuru mjini. Chesisi ilikwisha kuchomelewa upya na bado ni imara, na bodi ni ya alumini, kwa hiyo kutu haijaila. Taabu iko kwenye injini. Hii ndiyo ile ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani, na sasa inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na fundi ameniambia kwamba krankshafti imekwisha kuchongwa hadi kipimo cha mwisho.

Ningependa kuhamia dizeli. Jirani yangu ana lori la Isuzu NPR lililopata ajali, na injini yake, 4BD1 ya lita 3.9, bado inaunguruma vizuri. Yuko tayari kuniuzia kwa bei ya ujirani. Fundi wa mjini naye ananishauri nitafute TD27 ya Nissan, ile iliyokuwa katika matatu nyingi za Caravan. Barabara zangu nyingi ni za murram na udongo, na masika yakifika siwezi kutoka shambani bila magurudumu yote manne kuvuta, kwa hiyo uwezo huo sitaki kuupoteza. Hata hivyo, kila wiki hunibidi kuingia kwenye barabara kuu pamoja na malori.

Je, giaboksi ya zamani itahimili? Ni injini ipi kati ya hizi mbili inayofaa zaidi? Na kuhusu karatasi za gari, nifanye nini?

Gereji ya Kondele (Kisumu)

Ndugu Mkulima, umeeleza matumizi ya gari lako kwa ukamilifu, na hilo ndilo jambo ambalo wengi hulisahau wanapouliza swali la namna hii. Nianze na Isuzu kwa sababu ndiyo inayokuvutia kwa bei.

Kuweka 4BD1 ndani ya Land Rover ni jambo lililokwisha kufanywa na kiwanda chenyewe. Nchini Australia, Land Rover ziliuzwa zikiwa na injini hiyohiyo ya Isuzu ya lita 3.9, na jeshi la nchi hiyo lilitumia kwa miaka mingi magari yaitwayo Perentie yenye injini hiyo. Inatumia gia za taimingi badala ya mkanda, inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na ikitunzwa huishi muda mrefu sana. Ubora wake siubishii hata kidogo. Lakini Waaustralia hawakuifunga kwenye giaboksi ya Series III. Waliifunga kwenye giaboksi nzito zaidi ya gia nne iliyotokana na Range Rover, na walikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Sababu ya kwanza ni nguvu ya msokoto. 4BD1 husokota giaboksi kwa nguvu ya takriban mara moja na nusu ya injini yako ya petroli, tena huifikisha nguvu hiyo chini kabisa, mizunguko 1,900 hivi kwa dakika. Giaboksi ya Series III ilikwisha kujulikana kuwa dhaifu hata kwa injini yake yenyewe. Ukipakia viazi, ukaingia gia ya pili na kupanda mlima wenye matope, meno ya gia hayatakaa. Uzito nao ni wa kufikiria, maana injini hiyo ina zaidi ya kilo 300, na springi za mbele zitakuwa zimelala kabla hujapakia gunia hata moja.

Sababu ya pili ni mwendo, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Difu za gari lako, yaani gia zilizo katikati ya ekseli, zina uwiano wa 4.7, na giaboksi ndogo iliyo nyuma ya ile kubwa, ikiwa kwenye gia ya juu, ina uwiano wa karibu 1.15. Ukivizidisha unapata 5.4, maana yake injini huzunguka mara 5.4 gurudumu likizunguka mara moja ukiwa katika gia ya nne. Tairi ya 7.50-16 hutembea mita 2.4 hadi 2.5 kwa kila mzunguko. Injini ya lori inayofika mwisho wake mizunguko 3,000 kwa dakika itakufikisha karibu kilomita 80 kwa saa, huku ikilia kwa nguvu zake zote. Mahali inapofanya kazi kwa raha, kwenye mizunguko 2,400 hivi, utakuwa kilomita 65. Kwenye murram hilo halina neno. Kwenye barabara kuu utakuwa na foleni ya malori nyuma yako, na madereva wasio na subira wataanza kukupita kwenye kona. Ungelikuwa na difu za 3.54, zile za Range Rover na Defender, injini hiyohiyo kwa mizunguko 2,400 ingekupa karibu kilomita 87. Tatizo ni kwamba ekseli ya nyuma ya 109 kwa kawaida ni ya Salisbury, ambayo difu yake hupangwa ndani ya kasha la ekseli lenyewe. Huwezi kuing'oa kama kichwa kimoja na kurudishia kingine. Ni lazima meno yapangwe upya kwa shimu na kupimwa, na si kila gereji inaweza kazi hiyo.

Wengine hukwepa tatizo la giaboksi kwa kuacha ile ya Isuzu ilivyo na kuiunganisha moja kwa moja na ekseli ya nyuma. Gari hutembea vizuri, lakini magurudumu ya mbele hubaki ya kukatia kona tu. Umesema hutaki hilo, nami nakuunga mkono.

Sasa tuje kwa TD27. Ina lita 2.7, haina mkanda wa taimingi, na ina umeme wa volti 12 kama Land Rover yako, ilhali NPR hutumia volti 24, jambo ambalo lingekulazimu kubadilisha stata, oltaneta, plagi za joto na kifaa cha kuzimia injini. Zaidi ya yote, nguvu yake ya msokoto iko karibu sana na ile ya injini ya petroli unayoiondoa, na huweza kuzunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika. Kwa hiyo giaboksi haitatambua kwamba imebadilishiwa mwenzake, na difu za 4.7 zitabaki zilivyo. Mwendo wa kilomita 75 au 80 utaupata bila kuitesa injini. Kwa gari lako na barabara zako ningeichukua TD27 bila kusita, hata kama Isuzu ya jirani ingetolewa bure.

Kazi kubwa iko kwenye bamba la kuunganishia. Injini ya Nissan haina matundu yanayolingana na kasha la klachi la Land Rover, kwa hiyo huchongwa bamba la chuma au la alumini lenye matundu ya pande zote mbili. Usikubali likatwe kwa gesi na kutobolewa kwa kukisia. Shafti ya giaboksi huingia katika bushi iliyo mwisho wa krankshafti, na hivyo viwili lazima viwe kwenye mstari mmoja. Tofauti isizidi sehemu ya kumi ya milimita. Fundi afunge saa ya kupimia kwenye flaiwili, azungushe injini kwa mkono, na asome ukingo wa kasha lote kabla ya kutia pini za kushikilia mahali. Bamba likikaa upande, gari litatetemeka unapoachia klachi, beringi ya mbele ya giaboksi itaanza kulia, na watu watalaumu injini isiyo na hatia. Klachi nayo huchanganywa: sahani lazima iwe na meno ya ndani ya shafti ya Land Rover, lakini ilingane na kifuniko cha klachi kilichofungwa kwenye flaiwili ya Nissan.

Mambo mengine ni madogo, ila yana uzito. Sampu ya oili isigonge ekseli ya mbele springi zinapobonyea. Kumbuka difu ya mbele ya Land Rover iko upande wa kulia. Injini ikae kwa mlalo uleule wa ile ya zamani ili krosi za propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, zisibadilishe pembe. Tangi lisafishwe petroli kabisa na kuongezewa mrija wa kurudishia dizeli inayobaki kutoka kwenye pampu na nozeli. Na usimruhusu mtu akuuzie TD27 bila oltaneta yake, kwa maana pampu ya kufyonza hewa inayoisaidia breki imefungwa nyuma ya oltaneta hiyo. Injini ya petroli hufyonza hewa yenyewe kupitia manifoldi, na sevo ya breki hutegemea mfyonzo huo. Dizeli haina mfyonzo wa namna hiyo. Nimeona magari yaliyobadilishwa kwa ustadi mkubwa ambayo breki zake zilikuwa ngumu kama jiwe kwa sababu pampu hiyo ilitupwa.

Dereva Mstaafu (Eldoret)

Mwanangu Mkulima, fundi wa Kondele amesema vema, nami nitaongeza yale ambayo barabara ya kwetu hufundisha.

Shamba lako liko juu sana. Kuanzia Mau Narok hadi huku Timboroa, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo juu huko utakuwa umebakiwa na robo tatu tu ya nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu. Dizeli ina tabia yake ya ziada: pampu iliyopangwa kule chini, Kisumu au Mombasa, huendelea kumwaga mafuta yaleyale ilhali hewa imepungua, na matokeo yake ni moshi mweusi, joto jingi na dizeli inayopotea bure. Pampu ya injini utakayoinunua ipelekwe kwa fundi wa pampu hapo Nakuru, ipimwe, na umweleze gari litafanyia kazi wapi.

Jambo la pili ni kuteremka. Injini ya petroli ukiiondolea mguu hujizuia yenyewe kwa sababu njia ya hewa imefungwa, lakini dizeli ndogo isiyo na breki ya ekzosti huachia gari zaidi. Series III ina breki za ngoma magurudumu yote, na ngoma zikishika moto hazikamati. Mteremko wa kutoka Sachang'wan kushuka Salgaa umeua watu wengi mno, na sehemu kubwa ya vifo hivyo vilitokana na magari mazito yaliyoachiwa kuteremka bila gia. Kwa hiyo, kabla ya kutumia shilingi moja kwa injini, tumia kwa breki: silinda za magurudumu, viatu, mirija ya mpira na silinda kuu. Ukiwa na mzigo, teremka na gia uliyopandia.

Kuhusu injini yenyewe, mimi natofautiana kidogo na fundi. Mtu akipata 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery ya zamani au Defender, hiyo ni damu ya Land Rover yenyewe. Ina lita 2.5, ina turbo, ambayo kwa mwinuko wenu ni neema kubwa, na hukubali kasha la klachi la Series kwa marekebisho machache, hivyo bamba lote lile la kuchonga huna haja nalo. Ina mkanda wa taimingi, ni kweli, na lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Ila ikiisha kupanda milima ikiwa na mzigo, hutaitamani nyingine.

Gereji ya Kondele (Kisumu)

Mzee wangu, kuhusu breki na pampu sina la kuongeza, na ninashukuru kwa kuyataja. Kuhusu 200Tdi, nakubali kwamba kiufundi ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Wasiwasi wangu ni spea. Mkulima akiharibikiwa siku ya soko, gasketi ya silinda hedi au pampu ya maji ya TD27 ataipata Nakuru kabla ya saa sita mchana. Ya 200Tdi huenda ikalazimu kuagizwa kutoka Nairobi, na maziwa hayangoji. Tena turbo hiyo huongeza msokoto, na giaboksi yake ni ile tunayoihurumia. Akiichagua, asiongeze msukumo wa turbo hata kidogo.

Kombi ya Bungoma

Nimefurahi sana kusoma mjadala huu. Niongeze kwamba wazo la kutazama injini inayopatikana kwa wingi katika mji wako lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mimi nina Kombi ya Volkswagen ambayo injini yake ya kupozwa kwa hewa ilikwisha, nami niliweka injini ya Subaru ya lita 2.0 iliyotoka kwenye Legacy. Ukiyaangalia magari haya mawili utashangaa jinsi yanavyofanana: injini zote zina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ni fupi, na huzunguka upande uleule, kwa hiyo bamba la kuunganishia likiisha kuchongwa giaboksi ya Kombi huipokea bila kugeuzwa. Kazi iliyobaki ni ya maji. Kombi haikuwahi kuwa na rejeta, hivyo ilibidi iwekwe mbele na mirija mirefu ipitishwe chini ya sakafu hadi nyuma, na hewa iliyonaswa katika mirija hiyo itolewe kwa uvumilivu mkubwa. Nyaya nazo zilipunguzwa kutoka fungu zima la Subaru hadi zile zinazohitajiwa na kompyuta ya injini peke yake.

Ningependa kumuuliza fundi: Peugeot 504 nayo yaweza kubadilishwa hivyo? Kaka yangu anayo huku Busia, ile ya familia yenye safu tatu za viti, iliyokuwa teksi.

Gereji ya Kondele (Kisumu)

Ndugu wa Bungoma, 504 inawezekana, lakini ina mitego miwili. Injini yake ya petroli imelazwa upande kwa nyuzi 45, na boneti ilichorwa chini kwa ajili hiyo. Injini ya Kijapani inayosimama wima itatafuta nafasi isiyokuwepo. Pia propela yake hukaa ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu kama kitu kimoja, na bomba hilo ndilo linaloisukuma bodi mbele. Giaboksi ya Toyota au Nissan haina mahali pa kulishikilia. Kwa hiyo anayetaka dizeli kwenye 504 namshauri abaki katika ukoo wake, achukue XD2 ya lita 2.3 au ile ya lita 2.5 iliyokuwa kwenye 505. Ni injini zilizoheshimiwa hata nje ya Peugeot: Ford waliiweka XD2 ndani ya Sierra ya dizeli.

Wakala wa Bima (Kakamega)

Swali la karatasi halijajibiwa, nami naomba nilijibu kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Logibuku ya Kenya huandika namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Mkulima atakuwa amebadilisha yote matatu. Ni lazima aombe mabadiliko ya taarifa za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia mtandao, na gari likaguliwe, ili logibuku mpya itolewe. Risiti ya ununuzi iandikwe namba ya injini ileile iliyopigwa kwenye bloku, na ikiwa injini imeagizwa kutoka Japani, muuzaji atoe nakala ya hati za forodha. Injini ya gari lililovunjwa hapa nchini iambatane na nakala ya logibuku ya gari hilo. Asiyeweza kukupa karatasi hizo, usinunue kwake, maana injini ya wizi ikigunduliwa, gari zima hushikiliwa kituoni.

Kisha ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kabla hujarudi barabarani. Bima husimama juu ya taarifa ulizozitoa, na gari lililoandikwa kuwa la petroli likipata ajali likiwa la dizeli, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa.

Mkulima wa Mau (Nakuru)

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee wa Eldoret kwa neno la breki, kwa sababu ndipo nitakapoanzia. Nimeamua kutafuta TD27 kamili, pamoja na oltaneta yake, na nimekwisha kumweleza jirani kwamba Isuzu sitaichukua.

Limebaki jambo moja. Mtu aliyewahi kulitengeneza gari hili zamani anasema difu ya mbele iliwahi kuvunjika na kuwekwa ya Range Rover. Nikiunganisha magurudumu ya mbele kwenye ardhi ngumu, usukani huwa mzito na gari hukataa kukata kona. Je, hiyo ndiyo dalili yake, na nitajuaje kwa hakika bila kuifungua?

Gereji ya Kondele (Kisumu)

Dalili hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu Series III yoyote huwa ngumu kwenye lami magurudumu ya mbele yakiunganishwa. Haina difu ya katikati ya kuachanisha mbele na nyuma. Inakupasa uhesabu.

Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, weka giaboksi huru na uhakikishe magurudumu ya mbele hayajaunganishwa. Ikiwa gari lina habu za kufungia, zile za kuunganisha gurudumu la mbele na shafti yake, zifunge. Inua gurudumu moja tu la mbele, lile jingine likae chini. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela ya mbele, kisha zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu moja likiwa limesimama, difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Propela ikizunguka mara nne na kitu, karibu kufika tano, hiyo ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni 3.54 ya Range Rover. Rudia nyuma vivyo hivyo, ila uachie breki ya mkono kwanza, kwa kuwa katika Land Rover yako breki hiyo hukamata propela ya nyuma badala ya magurudumu. Hakikisha basi mawe yamekaza vizuri.

Ukipata 4.7 mbele na nyuma, endelea na bamba. Ukipata tofauti, usiunganishe tena magurudumu ya mbele hata kwenye matope hadi urudishe difu ya 4.7 mbele, kwa maana ekseli mbili zinazobishana zitavunja shafti au giaboksi ndogo, hata uwe umeweka injini gani. Difu ya mbele hutoka kama kichwa kimoja, na kwa fundi mwenye zana ni kazi ya siku moja.